Ernst May

Ernst May (Frankfurt am Main, 27 Julai 1886 – Hamburg, 11 Septemba 1970) alikuwa msanifu majengo na mpangaji miji kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa mitaa mipya ya nyumba aliyoijenga mjini Frankfurt kati ya miaka ya 1925 na 1930. Kuanzia mwaka 1934 hadi mwisho wa mwaka 1953 aliishi Afrika Mashariki, kwanza Tanganyika na baadaye Kenya. Huko alichora ramani ya upanuzi wa mji wa Kampala, jengo la ushirika na utamaduni la KNCU mjini Moshi na jengo la Makumbusho ya Uganda.

May aliamini kwamba mji haukamiliki kwa nyumba za kulala peke yake. Kwake, watu waliohitaji nyumba walihitaji pia shule, maktaba, ukumbi, bustani na mahali pa wazi pa kukutana. Imani hiyo aliitumia Frankfurt, mji wa kale wa Ulaya, na baadaye Afrika Mashariki chini ya utawala wa kikoloni, ambako sheria na desturi za wakati ule ziliwagawa wakazi wa mji kwa rangi. Kwa sababu hiyo kazi yake ya Afrika inasifiwa na kukosolewa hadi leo.

Utoto na elimu

May alizaliwa mjini Frankfurt, katika familia ya mwenye kiwanda cha bidhaa za ngozi. Alisoma usanifu Uingereza na Ujerumani. Mjini München walimu wake walikuwa Friedrich von Thiersch na Theodor Fischer.

Kilichomwathiri zaidi ni miaka aliyokaa Uingereza. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika ofisi ya Raymond Unwin, mmoja wa viongozi wa harakati za miji ya bustani. Wafuasi wa harakati hizo walisema kwamba miji mikubwa ya viwanda imewajaza watu katika nyumba zenye giza na hewa chafu. Walitaka vitongoji vidogo vijengwe nje ya mji, vikiwa na bustani, huduma zake na mpaka wa mashamba au misitu kati ya kimoja na kingine. Wazo hilo la vitongoji vinavyotengwa na ukanda wa kijani lilibaki katika karibu kila ramani aliyoichora May maishani mwake.

Baada ya vita alifanya kazi mjini Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław na umo nchini Poland. Aliongoza ujenzi wa nyumba za gharama nafuu vijijini. Ujerumani ilikuwa imeshindwa vitani, fedha ilikuwa haba na wakimbizi walikuwa wengi. May alijifunza kupunguza gharama kwa kutumia michoro michache inayorudiwa na vipande vya nyumba vyenye vipimo vilevile.

Frankfurt Mpya

Mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, alimwita May arudi katika mji aliozaliwa ili aongoze idara ya ujenzi na mipango. Frankfurt ulikuwa mji wa kale wenye kitovu cha nyumba za mbao zilizobanana, na watu wengi hawakuwa na makazi ya kufaa. May hakujaribu kuujaza mji wa kale majengo zaidi. Alinunua na kupanga ardhi ya pembezoni, hasa katika bonde la mto Nidda, akajenga huko vitongoji vipya vilivyounganishwa na mji kwa barabara na reli.

Katika muda wa miaka mitano nyumba zipatazo 15,000 zilijengwa. Mpango wote ulipewa jina la Frankfurt Mpya, na gazeti lenye jina hilohilo lilieleza kazi hiyo kwa wasomaji wa nchi nyingi. Kitongoji kinachojulikana zaidi ni Römerstadt, kilichojengwa kati ya 1927 na 1929. Nyumba zake zina paa bapa na zimepangwa kwa safu zinazofuata mteremko wa bonde, na kila familia ya chini ilipata bustani yake. Shule na maduka yaliwekwa ndani ya kitongoji.

May alikusanya wasanifu wengi vijana. Mmoja wao alikuwa Margarete Schütte-Lihotzky kutoka Austria, aliyebuni mwaka 1926 jiko la Frankfurt. Lilikuwa chumba kidogo cha takriban mita 1.9 kwa 3.4, ambamo meza, kabati na sinki vilipangwa ili mpishi asipoteze hatua. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa katika nyumba za mji huo, na mara nyingi hutajwa kuwa chanzo cha majiko ya kisasa yenye kabati za ukutani.

Mwaka 1929 Frankfurt ilipokea mkutano wa pili wa CIAM, umoja wa kimataifa wa wasanifu wa kisasa. Mada yake ilikuwa makazi ya kiwango cha chini kabisa kinachomwezesha mtu kuishi kwa heshima. Mwaka huohuo uchumi wa dunia ulianguka, na fedha za ujenzi zikakatika.

Muungano wa Kisovyeti

Mwaka 1930 May alikubali mwaliko wa serikali ya Muungano wa Kisovyeti. Alikwenda pamoja na kundi la wasanifu wenzake, akiwemo Schütte-Lihotzky na Mholanzi Mart Stam. Kundi hilo liliitwa Brigedi ya May. Kazi yao ilikuwa kupanga miji mipya ya viwanda, na ule uliojulikana zaidi ni Magnitogorsk, mji wa chuma karibu na milima ya Ural.

Matokeo hayakuwa kama walivyotarajia. Walipofika Magnitogorsk walikuta ujenzi umekwisha anza. Vifaa na mafundi havikutosha, na uamuzi wa mahali pa kujenga ulibadilishwa mara kwa mara na wakubwa. Wakati huohuo viongozi wa Moscow walianza kuukataa usanifu wa kisasa na kutaka majengo yenye nguzo na mapambo ya kale. Mkataba wa May ulimalizika mwaka 1933.

Hakuweza kurudi kwao. Mwaka huo Adolf Hitler alikuwa ameshika madaraka Ujerumani. Familia ya May ilikuwa na asili ya Kiyahudi, na majengo yake yalichukiwa na Wanazi, ambao waliuona usanifu wa paa bapa kuwa wa kigeni na wa kikomunisti. May aliamua kuhamia Afrika.

Mkulima Tanganyika

May alifika Tanganyika mwaka 1934 pamoja na mke wake Ilse na wana wao. Nchi hiyo ilikuwa koloni la Ujerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, kisha ikawekwa chini ya Uingereza kwa idhini ya Shirikisho la Mataifa. Alinunua shamba karibu na Arusha akaanza maisha ya ukulima, kazi ambayo hakuwa ameifanya kabla.

Maisha ya kaskazini mwa Tanganyika hayakumtenga na siasa za Ulaya. Walowezi wa Kijerumani walikuwa wengi katika eneo hilo, na baadhi yao waliunga mkono chama cha Nazi na kutaka koloni lirudishwe kwa Ujerumani. Mwaka 1937 May aliacha shamba, akahamia Nairobi na kufungua ofisi ya usanifu.

Nairobi na kizuizini

Kazi za mwanzo za Nairobi zilikuwa nyumba za watu binafsi, majengo ya biashara na nyumba za ghorofa za kupangisha. Jengo la Kenwood House, katikati ya mji, ni miongoni mwa kazi za miaka hiyo. Wateja wake walikuwa hasa Wazungu na Wahindi wenye mali, kwa kuwa Waafrika walizuiwa kumiliki majengo katika sehemu kubwa ya mji huo.

Vita Kuu ya Pili vilipoanza, May alikuwa bado Mjerumani mbele ya sheria za Waingereza, ingawa alikuwa amewakimbia Wanazi. Aliwekwa kizuizini kwa takriban miaka miwili kama raia wa nchi adui.

Baada ya kuachiliwa alirudi kwenye wazo lake la zamani la nyumba nafuu. Karibu na mwaka 1945 alibuni mfumo wa vipande vya zege vilivyotengenezwa kabla na kuning'inizwa juu ya fremu. Nyumba iliyotokana na mfumo huo ilikuwa na umbo la tao, kuta na paa vikiwa kitu kimoja. May alilinganisha umbo hilo na nyumba za msonge za Afrika. Mfumo huo haukuenea, ila unaonyesha kwamba alikuwa akitafuta njia ya kuunganisha kiwanda na umbo ambalo wenyeji wangelitambua.

Ramani ya Kampala

Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ya Uganda ilimpa May kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1947 na ilihusu hasa vilima vya Kololo na Naguru, mashariki mwa mji.

Kampala haukuwa mji uliobuniwa na Wazungu tu. Upande wa Mengo palikuwa na makao ya Kabaka na mji mkuu wa ufalme wa Buganda, ulioitwa Kibuga, wenye barabara zake, viwanja vya machifu na mpangilio wa karne ya 19. Sehemu hiyo ilikuwa chini ya serikali ya Buganda, nayo haikuingizwa katika mamlaka ya manispaa. Kwa hiyo May alipewa nusu ya mji. Aliombwa kupanga mji wa kisasa kando ya mji wa kihistoria, bila uwezo wa kuugusa.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Januari 1945 palitokea mgomo mkubwa wa wafanyakazi na ghasia Kampala na sehemu nyingine za Buganda. Mishahara ilikuwa midogo, bei zilikuwa zimepanda, na wafanyakazi wengi walilala katika vyumba vibovu pembeni mwa mji. Serikali iliyokuwa imezoea kumwona Mwafrika wa mjini kama mpita njia, atakayerudi kijijini baada ya kazi, ilianza kukubali kwamba atabaki mjini na familia yake.

May alitumia umbo la ardhi yenyewe. Nyumba aliziweka juu ya vilima na kwenye miteremko, na barabara zilifuata mzunguko wa kilima badala ya kukipanda moja kwa moja. Mabonde, ambayo yalikuwa na madimbwi na mbu wa malaria, yalitakiwa kukaushwa na kubaki ukanda wa kijani kati ya mtaa na mtaa. Kila mtaa ulipangiwa shule, maduka, viwanja vya michezo na ukumbi wa wakazi. Alitaka makazi ya Waafrika yawe sehemu kamili ya mji, yenye nyumba za familia na mahali pa kukutana, na si kambi ya vibarua.

Hata hivyo ramani hiyo ilifuata mgawanyiko wa kikoloni. Wazungu, Wahindi na Waafrika walipangiwa sehemu zao, na ukanda wa kijani uliokusudiwa kuleta hewa safi ulitumika pia kama mpaka kati yao. May aliandika kuhusu Waafrika kama watu wanaopaswa kuinuliwa hatua kwa hatua kuelekea maisha ya Kizungu, na aliamini kwamba nyumba na majengo ya umma yangekuwa mwalimu wao. Wakazi hawakuulizwa wanataka mji wa namna gani.

Ramani ilitekelezwa kwa sehemu tu. Mitaa ya Naguru na Nakawa ilijengwa na serikali katika miaka iliyofuata kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, lakini majengo mengi ya umma aliyoyapendekeza hayakujengwa. Kololo ikawa mtaa wa matajiri.

Jengo la KNCU mjini Moshi

Kazi ya Moshi ilikuwa tofauti kwa sababu mteja hakuwa serikali. KNCU, yaani Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933 kuunganisha vyama vya msingi vya Wachaga waliolima kahawa kwenye miteremko ya mlima. Kilikusanya kahawa ya wakulima wadogo na kuiuza kwa pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipanda sana, na chama kikapata uwezo wa kujenga makao makuu mjini.

Badala ya kujenga ofisi tupu, chama kilitaka jengo litakalohudumia wanachama na watoto wao. May alichora jengo refu la ghorofa kadhaa lililokusanya chini ya paa moja shughuli ambazo kwa kawaida huwa na majengo tofauti: ofisi za ushirika, maduka, ukumbi, maktaba, chuo cha biashara na vyumba vya kulala kwa wakulima waliotoka mbali. Lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Liko karibu na mzunguko wa Mnara wa Saa, yaani katikati kabisa ya mji.

Mahali hapo palikuwa na maana yake. Moshi ulikuwa mji wa stesheni ya reli na maduka, na biashara yake ilikuwa zaidi mikononi mwa Wahindi na Wazungu, ilhali Wachaga wengi waliishi juu mlimani kwenye vihamba vyao. Mkulima aliyeshuka mjini kuuza kahawa au kufuata shauri hakuwa na mahali pake pa kukaa, kusoma gazeti au kulala. Jengo la KNCU lilimpa nafasi hiyo katika kitovu cha mji, tena katika mojawapo ya majengo makubwa kuliko yote ya Moshi ya wakati ule, kwa fedha iliyotokana na kahawa. Kutoka ghorofa ya juu mtu anauona Kilimanjaro pale mawingu yanapofunguka.

Kwa upande wa ufundi, jengo linaonyesha jinsi May alivyoubadilisha usanifu wa Frankfurt uendane na nchi za joto. Karibu na Ikweta jua la asubuhi na la jioni huchoma kuta za mashariki na magharibi, lakini la adhuhuri huwa juu ya paa. Kwa hiyo aliona inafaa pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini, kuta fupi zikabiliane na jua. Vyumba alivipanga kwa upana mdogo ili upepo upenye kutoka dirisha la upande mmoja hadi la upande wa pili. Vivuli vya zege juu ya madirisha na baraza ndefu vilizuia jua na mvua. Mbinu hizo hazihitaji umeme.

Makumbusho ya Uganda

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard kwenye kilima cha Old Kampala. Vitu vyake vya kwanza vingi vilikuwa vyombo vya ibada za jadi, na wenyeji waliyaita Enyumba ya Mayembe, maana yake nyumba ya vyombo vya mizimu. Kwa Waganda wengi palikuwa mahali pa kutisha, ambapo vitu vitakatifu vilifungiwa baada ya kuchukuliwa kwa watu. Mwaka 1942 mkusanyiko ulihamishiwa Makerere, ambako nafasi haikutosha.

Jengo jipya lilichorwa na May kwa kiwanja cha barabara ya Kira, nje kidogo ya kitovu cha mji, na makumbusho yakahamia huko mwaka 1954. Msimamizi wa makumbusho wakati huo alikuwa Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyezaliwa Berlin na ambaye, kama May, alikuwa ameikimbia Ujerumani ya Wanazi. Wachsmann alikuwa amerekodi muziki wa makabila mengi ya Uganda na kukusanya ala zao. Chini yake wanamuziki waliajiriwa kuzipiga ala hizo mbele ya wageni, ili ngoma na vinubi visikike badala ya kukaa kimya nyuma ya vioo.

Jengo lilifaa kusudi hilo. Lina ghorofa chache, limetandazwa kwenye nyasi, na halina ngazi kubwa wala nguzo za kutisha kama makumbusho mengi ya Ulaya ya karne ya 19. Mwanga wa jua huingia kupitia nafasi za juu ya kuta na kuangaza vitu bila kuviunguza, na hewa huzunguka yenyewe. Mgeni huingia kutoka uwanjani moja kwa moja hadi ukumbini. Makumbusho yaliyokuwa yamehofiwa yakawa mahali ambapo wanafunzi walikwenda kwa makundi kusikiliza muziki na kujifunza historia ya nchi.

Kazi nyingine Afrika Mashariki

Ofisi ya May ilichora pia hospitali ya wazazi ya Aga Khan mjini Kisumu na shule kadhaa. Mjini Mombasa alichora hoteli ya Oceanic, jengo lenye mkunjo lililoelekea bahari ili kila chumba kipate upepo. Hoteli hiyo haipo tena.

Oktoba 1952 serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kazi za ujenzi zilipungua na wasiwasi ukaenea. Mwishoni mwa mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 67, May aliondoka Afrika kurudi Ujerumani. Makumbusho ya Kampala yalihamia katika jengo lake jipya baada ya yeye kuondoka.

Kurudi Ujerumani

Ujerumani ya Magharibi ilikuwa ikijenga upya miji iliyoharibiwa kwa mabomu, na mji wa kale wa Frankfurt ulikuwa umeteketea. May alikaa Hamburg, akaongoza idara ya mipango ya Neue Heimat, shirika kubwa la nyumba lililomilikiwa na vyama vya wafanyakazi. Baadaye alifanya kazi kwa kujitegemea. Alishiriki kupanga Neu-Altona mjini Hamburg na Neue Vahr mjini Bremen, na kuanzia mwaka 1957 alifundisha kama profesa wa heshima mjini Darmstadt.

Kazi hizo za mwisho zilipata sifa na lawama. Mitaa mikubwa ya nyumba za ghorofa ilimaliza tatizo la makazi kwa maelfu ya familia, ila wakosoaji walisema imekuwa mikubwa kupita kiasi na imejengwa kwa ajili ya magari. Mjini Wiesbaden, ambako alichora mpango mkuu katika miaka ya 1960, alipendekeza kubomoa baadhi ya mitaa ya karne ya 19. Wakazi walipinga, na mitaa hiyo kwa sehemu kubwa ilinusurika na leo inapendwa.

May alifariki Hamburg tarehe 11 Septemba 1970 na kuzikwa Frankfurt.

Tathmini na urithi

Nchini Ujerumani May anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa makazi ya kisasa. Chama kilichopewa jina lake kilianzishwa Frankfurt mwaka 2003, na nyumba moja ya Römerstadt imerudishwa katika hali yake ya asili ili watu waitembelee, pamoja na jiko lake. Mwaka 2011 Makumbusho ya Usanifu ya Ujerumani, yaliyopo Frankfurt, yalifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, zikiwemo za Afrika.

Katika Afrika Mashariki wataalamu wanatofautiana. Baadhi yao humtaja kama mmoja wa wasanifu wa kwanza kuchunguza kwa makini hali ya hewa ya Ikweta na kuwachukulia Waafrika kama wakazi wa kudumu wa mji. Wengine husema kwamba alifanya kazi ndani ya mfumo wa kibaguzi bila kuupinga, na kwamba ramani ya Kampala iliuchora ubaguzi huo ardhini. Hoja zote mbili zina ushahidi katika ramani hiyohiyo.

Tofauti kati ya kazi zake inatokana kwa kiasi kikubwa na aliyekuwa na uamuzi. Huko Naguru wakazi walipangiwa, na majengo mengi ya umma hayakujengwa. Mjini Moshi wakulima walikuwa wateja wenye fedha na mahitaji yao, na jengo likawa na maktaba, chuo na ukumbi kama walivyotaka. Jengo la KNCU limebaki mali ya ushirika, na sehemu yake imetumika kwa miaka mingi kama nyumba ya wageni na mgahawa.

Makumbusho ya Uganda nusura yatoweke. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba serikali inakusudia kuyabomoa ili kujenga mnara wa biashara, na makumbusho yangepewa ghorofa ndani yake. Vyama vya kiraia na wapenzi wa historia walipinga na kulipeleka suala hilo mahakamani. Walisema kwamba jengo lenyewe, na si vitu vilivyomo tu, ni sehemu ya historia ya nchi. Mnara haukujengwa, na jengo la May linaendelea kupokea wanafunzi na wageni. Nyumba ambayo babu zao waliiogopa ilitetewa na wajukuu kama mali yao.

Suala la nafasi ya umma katikati ya mji halijaisha katika eneo hili. Miji midogo inayokua, kama Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Kigoma, ambako wakulima pia wanalima kahawa, inapanga viwanja vya maduka na makazi kila mwaka. Kiwanja cha maktaba, ukumbi au uwanja wa kukutania kisipotengwa mapema katika ramani ya mji kama huo, ni vigumu kukipata baadaye bila kuvunja nyumba za watu. Mfano wa Moshi unaonyesha kwamba chama cha wakulima kinaweza kukijenga, na ule wa Naguru unaonyesha jinsi kinavyopotea.